Kondoo Aliyekuja na Jina

Wanjala alikuwa fundi wa maabara katika shule moja ya kibinafsi pale Kitengela, na kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa mtu wa sayansi nyumbani kwake. Asidi iliyokula meza, chupa iliyopasuka mkononi mwa mwalimu mgeni, chura aliyetoroka siku ya kupasuliwa akapatikana ofisini kwa mwalimu mkuu: habari za namna hiyo alizileta jioni kama mwingine anavyoleta nyama. Mkewe, Dolphine Aketch, mwalimu wa historia, alimsikiliza huku akikata sukuma wiki, na alicheka mahali pa kuchekea. Mtoto wao Lennox alipokwenda shule ya bweni, wakabaki wawili, habari na kicheko.

Halafu Dolphine akarudi chuo kikuu Nairobi kusomea shahada ya pili. Wanjala alipoambiwa masomo yenyewe ni sayansi, teknolojia na jamii, alifurahi, akauliza maabara yao iko jengo gani. Dolphine akamwambia hakuna maabara. Wao wanasoma jinsi watu wanavyoishi na vitu vya sayansi: nani huvileta, nani huvikataa, nani hupata sauti vikifika na nani hunyamazishwa. Mashine, alisema, haiji peke yake, huja na watu wake na sheria zake.

Wanjala akatafuna maneno hayo, hakuona nyama ndani yake.

"Sayansi bila hata kichupa kimoja," akasema. "Hiyo ni kama harusi ya kuhadithiwa."

Dolphine akacheka. Lakini Wanjala aliurudia mzaha huo kanisani, akaurudia kwa majirani, akaurudia mbele ya wakwe, na mzaha ni kama majani ya chai, ukiyachemsha mara nyingi unabaki na maji tu. Mwishowe mama wa watu aliacha kumweleza kitu. Siku ya mwisho aliyojaribu kumsimulia ya Kajiado, Wanjala alinyoosha mkono akaongeza sauti ya televisheni.

Maana utafiti wenyewe ulikuwa Kajiado. Si mjini penye ofisi za kaunti, bali huko ndani, lami inapoisha na mtu akiuliza njia anaonyeshwa mlima. Huko kulichimbwa kisima kirefu, kikawekewa sola na mashine ya maji. Ukiwa na tokeni, kile kidude cha plastiki, unakigusisha kwenye mashine na maji yanakuja. Huna, hayaji, hata ukiwa mtoto wa chifu. Walioileta waliandika kwamba inafanya kazi vizuri sana. Dolphine alitaka kujua inamfanyia nani kazi. Kila wiki alikwenda, na aliyemtembeza boma kwa boma ni Saning'o, kijana wa huko aliyesomea ufundi na kupewa kazi ya kutunza mashine. Yeye pia ndiye aliyemtafsiria maneno ya akina mama wasiojua Kiswahili.

Dolphine alirudi viatu vikiwa vyekundu kwa vumbi, na sauti za watu zikiwa zimejaa kwenye kirekoda chake. Hapo kazi ya pili ilianza. Aliketi kwenye kochi, akatia vile vidude vya masikioni, akaandika kila neno lililosemwa, hata kikohozi, hata kimya. Akisikia kitu kizuri alirudisha nyuma akasikiliza tena. Mara nyingine alicheka peke yake, mkono mdomoni. Wanjala akiwa upande wa pili wa meza na habari yake ya chura mpya, hakuwa na pa kuiweka.

Jumapili moja baada ya kanisa, Dolphine aliingia kuoga akaacha vidude vile juu ya kochi, kirekoda kikiendelea. Wanjala akavitia masikioni. Sauti ya mwanamume, tulivu, isiyo na haraka, ilikuwa ikieleza jinsi foleni ya kisima cha zamani ilivyokuwa ikipangwa. Hapakuwa na neno baya. Mtu angeweza kuisikiliza akiwa na mchungaji. Lakini katikati ya maneno, laini kama mafuta, ikaja sauti ya mkewe: "Ee. Ee... Endelea, nakusikiliza."

Aliviweka chini kama alivyovikuta. Akaketi. Sauti hiyo aliijua. Ni miaka tu ilikuwa imepita tangu aisikie. Angemkuta mkewe ameshikwa mkono na mwanamume njiani, labda angepiga kelele yakaisha. Lakini utamwendea nani umwambie mke wangu amemwambia mtu endelea?

Alimwendea Wasike. Wasike alikuwa jirani na mtu wa kwao Bungoma, muuza mawe ya kujengea yanayotoka machimboni, mwenye mdomo usiojua pazia. Wasike alisikiliza, akatema kijiti cha meno, akasema mambo ya mama kwenda mbali kila wiki na kijana mrefu hayahitaji digrii kuyaelewa. Wanjala akamwambia aache upuzi. Lakini aliyabeba maneno hayo nyumbani, akalala nayo.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wivu lakini hauulizi. Wivu hujijibu.

Ukame ulikuwa umeshika wakati huo. Ng'ombe walipita Kitengela barabarani wakitafuta hata majani ya kando ya uzio. Alhamisi moja, Dolphine akiwa Nairobi kwenye semina ya siku kadhaa na amelala kwa rafiki yake Ciku, pikapu ikasimama langoni. Akashuka mwanamume mrefu, shuka begani juu ya jaketi, akafungua nyuma akateremsha kondoo jike mwekundu, mkia umejaa mafuta, sikio limekatwa alama. Kabla hajafungua mdomo Wanjala alishaijua sauti itakayotoka.

"Supa, mzee. Hapa ni kwa Aketch?"

Kwa Aketch. Miaka yote hiyo Wanjala alimwita Mama Lennox. Kanisani aliitwa Mama Lennox, dukani Mama Lennox. Huyu aliliokota jina la usichana kama mtu anayeokota kofia yake mwenyewe.

"Hapa ni kwa Wanjala," akajibu.

Saning'o akacheka kwa heshima, akasema basi amefika. Akaeleza kwamba kondoo ametoka kwao nyumbani, ni wa Aketch, yeye mwenyewe anajua. Nyasi huko zimekwisha, na hapa kwao angalau kuna majani ya uani. Alimfunga kwenye mti wa uzio, akamkwaruza kichwa, akakataa chai kwa kuwa alikuwa akikimbilia kazi, akaenda. Wanjala hakumwuliza neno. Angeuliza tu: kwa nini? Ametoka kwa nani? Neno moja tu, na hadithi hii isingekuwako.

Wasike alikuja kumtazama yule kondoo, akamzunguka kama mtu anayetazama gari la kununua.

"Ndugu yangu, kwetu mwanamume hapeleki mnyama kwa mwanamke kwa sababu ya majani," akasema. "Huyo anapima mlango. Na mlango ni wewe."

"Ni mambo ya masomo."

"Masomo. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba na hakuna siku nililetewa kondoo."

Kwao Bungoma mnyama akivuka lango kwa ajili ya mwanamke, wazee wako nyuma yake na mazungumzo yameshaanza. Wanjala alilijua hilo tangu utotoni, na hakuwahi kufikiri kuna watu ambao kwao mnyama husema maneno mengine. Ijumaa yote alimwona yule kondoo dirishani akitafuna polepole, kama mgeni aliyeambiwa ajisikie nyumbani. Jumamosi asubuhi alimwita Wasike na kisu.

Walimchinja nyuma ya nyumba. Wasike alikuwa akisimulia kitu cha kuchekesha huku akipasua tumbo, na katikati ya neno akanyamaza. Ndani kulikuwa na mwana-kondoo, ameumbika, manyoya yamelowa, kwato laini kama sabuni. Wote wawili wakasimama. Wasike akasema taratibu kwamba hawangeweza kujua. Wanjala akachimba kando ya uzio akamzika, kisha wakachoma nyama, wakaita majirani, na watu wakala wakasifu mafuta. Wanjala alitafuna akaona ni kama anatafuna kitambaa.

Dolphine alirudi jioni ile. Alikuta kamba kwenye mti, ngozi juu ya uzio, na sikio lenye alama ya ukoo bado liko kwenye ngozi. Hakupiga kelele. Aliishika ile ngozi hapo sikioni, akauliza nani alileta. Wanjala akasema, mwenyewe, huyo bwana wako wa foleni za kisima. Akamwaga yote: kicheko cha kwenye kochi, endelea nakusikiliza, jina la Aketch, kondoo wa kupima mlango. Alipomaliza alikuwa anapumua kama aliyepanda milima ya Ngong.

"Ni wa mama yake," Dolphine akasema.

Akamweleza, kwa sauti ya mtu anayesomea mgonjwa majibu ya hospitali. Mama yake Saning'o anaitwa Tabitha. Mashine ilipoletwa, tokeni ziliandikishwa kwa vitambulisho vya wanaume, na wanaume wakaziweka mifukoni wakaenda nazo sokoni. Wanawake wakabaki na mitungi mikavu mbele ya mashine yenye maji tele. Tabitha ndiye aliyepita boma kwa boma akizidai, akazitunga zote kwenye ushanga mmoja, akaurudisha ule mpangilio wa kisima cha zamani: mjamzito kwanza, kisha wa mbali, kisha sisi wengine. Walioileta mashine wanaandika kwamba inafanya kazi. Hawajui inamtii nani. Tasnifu nzima imesimama juu ya mama huyo, na akina mama wengine hawasemi mpaka yeye aseme. Baada ya miezi ya kumpima, ndipo juzi akampa Dolphine kondoo. Na kwao, mtu akikupa kondoo, majina yenu yanawekwa kando. Mnaitana Paker, wewe na yeye, maisha yote. Mnyama kama huyo hachinjwi. Anazaa, na watoto wake ndio ujamaa wenyewe.

Wanjala akaketi kwenye ndoo. Akasema wanaweza kusema amegongwa na gari. Barabara ya Namanga kila wiki inaua mifugo, nani atabisha?

"Kazi yangu yote ni kuwaomba watu waniambie ukweli," Dolphine akasema. "Utakwenda wewe. Na kazi hii ikifa, Wanjala, usifikiri nitabaki hapa tuiomboleze pamoja."

Alimwita kwa jina, Wanjala. Mara ya mwisho alipomwita hivyo walikuwa bado wachumba.

Wakaenda. Njiani, kwenye soko la mifugo la Kajiado, Wanjala aliona asiende mikono mitupu, akanunua mwenyewe kondoo jike bila kumwuliza mtu. Alichagua kwa mkia. Wauzaji walimsaidia kumpakia kwa ukarimu uliozidi kidogo.

Tabitha alikuwa mama mkubwa wa mwili, ushanga shingoni na leso ya kanisa kichwani, na ule mfuatano wa tokeni ukining'inia kiunoni ukilia kama njuga. Dolphine akainamisha kichwa na kuamkiwa, "Takwenya," akajibu, "Iko." Uso wa yule mama ulikuwa na furaha mpaka alipomtazama Wanjala na kile alichokivuta kwa kamba. Saning'o akaegemea mlango.

Wanjala alisema. Alisema vibaya, mwisho ukaja kabla ya mwanzo, lakini alisema yote, hata la kusikiliza kwa siri, hata la Wasike. Aliposema mwana-kondoo aliyekuwa ndani, Tabitha akafumba macho.

"Mlimkula pia?"

"Hapana, yeyo," akasema, akiliazima neno lao la mama. "Nilimzika."

Tabitha alifumbua macho. Aliinuka, akamwendea yule kondoo wa sokoni, akamshika taya akamfunua mdomo. Akamwita mwanawe aje aone. Saning'o akatazama, akageukia ukutani mabega yakitikisika.

"Mimi nilitoa msichana," Tabitha akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Wewe umeniletea nyanya wa msichana. Hana jino. Huyu atakula nini, uji?"

Hata Dolphine nusura acheke. Lakini Tabitha akamgeukia, na hapo kicheko kikaisha.

"Aketch," akamwita, na Dolphine akashtuka kama aliyemwagiwa maji. "Kondoo wangu amekwenda. Jina limekwenda na yeye. Mimi sina hasira na wewe. Lakini ile mashine yako ya kushika sauti, ilikuwa inaongea na Paker. Sasa Paker hayuko. Iweke kwa mkoba."

Dolphine akaiweka mkobani.

"Na wewe," Tabitha akamwambia Wanjala, akimtazama juu chini kama ndovu anavyotazama ndoo. "Umenipa kondoo. Mzee, lakini ni kondoo, na umekuja naye kwa mguu wako, na hukuniletea hadithi ya gari. Nitakuita nani?"

Saning'o, bado ameelekea ukutani, ndiye aliyesema, sauti imejaa kicheko alichokibana.

"Ni Paker, yeyo. Utafanyaje?"

Basi ndivyo Wanjala alivyorudi Kitengela na jina ambalo mkewe alilitafuta kwa miezi. Njia nzima Dolphine alitazama nje.

Siku chache baadaye simu ya Wanjala ikalia. Ni Tabitha, ametaka kumwambia kwamba yule nyanya anakula uji kweli. Akamwuliza yeye anafanya kazi gani. Wanjala akamweleza maabara, akaingia kwa asidi, akaingia kwa chura. Tabitha akacheka mahali pa kuchekea, akataka kujua mwalimu mkuu alifanyaje. Wanjala hakuwa amechekewa hivyo muda mrefu. Alipokata simu, Dolphine aliuliza amesema nini.

"Mambo tu," akamjibu.

Na lazima isemwe kama ilivyokuwa: alisikia utamu. Simu zikaendelea, na kila ikilia alijinyoosha kwenye kochi, akasema "Paker" kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni. Siku moja Tabitha alimweleza jinsi alivyowanyang'anya wanaume tokeni, mmoja akiwa amelewa, mwingine akiwa amejificha kwa zizi la mbuzi, na Wanjala akacheka mpaka akashika mbavu. Alipoinua macho alimwona mkewe amesimama mlangoni na kisu cha sukuma wiki, hakati chochote. Uso ule aliujua. Hakuujua kwa kuuona. Aliujua kwa ndani, kwa kuwa aliuvaa yeye mwenyewe miezi yote ile upande wa pili wa meza.

Utamu ukaanza kuchacha. Dolphine hakuuliza tena amesema nini. Profesa wake alitaka sura ya Tabitha, na sura hiyo ilikuwa karatasi zenye maswali bila majibu. Jumamosi moja Wanjala alimkuta akipanga makaratasi yake kwenye katoni ya mafuta ya kupikia, kimya, moja juu ya jingine, kama mtu anayekunja nguo za aliyekufa. Kando ya katoni kulikuwa na begi, nalo lilikuwa la nguo.

Simu ikalia.

Wanjala akaitazama. Angeweza kutoka nayo nje. Badala yake alisogea mwisho wa kochi akaacha nafasi, akawasha spika, akaiweka simu mezani.

"Paker," ikasema sauti ya Tabitha, imejaa chumba chote. Akaanza habari ya mvua iliyonyesha upande wa pili ikawaruka wao. Dolphine alisimama na karatasi mkononi. Kisha, bila kuketi hasa, akaketi. Tabitha akakatiza habari yake.

"Ni nani anapumua hapo?"

"Ni Aketch," akasema Wanjala. Hakuwa amemwita kwa jina hilo tangu waoane, akaona linapita vizuri mdomoni.

Kule ng'ambo mbuzi akasikika kwa mbali.

"Bado anapenda kuuliza?"

"Anapenda. Mimi ndiye sikuwa napenda."

Tabitha akaguna, lile guno la mama anayepima uzito wa kuku. Akasema huyo Aketch hawezi kumwambia kitu, maana hawana mnyama kati yao. Lakini Paker akimwuliza, yeye atamjibu Paker, na kama kuna mtu karibu na Paker mwenye kalamu, hiyo si shauri yake. Ile mashine ya sauti lakini ilale.

Dolphine aliinamia katoni, akapekua haraka, akatoa ukurasa. Akamwonyesha Wanjala swali kwa kidole. Wanjala akalisoma mara mbili, kwa kuwa lilikuwa refu na la chuoni, kisha akaliuliza kwa maneno yake: siku ile mashine ilikataa kukupa maji, wewe mwenyewe, ulisimama pale ukafikiri nini?

Tabitha alianza mbali, kwa mama yake na kisima cha zamani. Kalamu ya Dolphine ikashika mwendo, bega lake likagusa la mumewe, naye hakuliondoa. Maneno yalipopungua kule ng'ambo, kama mtu anayetazama iwapo bado yuko na wenzake, Wanjala akainamia simu.

"Ee," akasema. "Endelea, Paker. Tunakusikiliza."